Aiskrimu sandwichi za nyumbani: Mashine ya nini? Leta krimu, biskuti na subira

Mwisho wa mwezi bado uko mbali, shule zimefungwa, na jamaa wa aiskrimu amepiga kengele ya baiskeli nje ya geti. Watoi wote wa ploti wametoka mbio. Wako ni wanne, wanakuangalia, na mfuko unasema zi.

Kabla uwaambie ile "nitawanunulia kesho" yako ya kila siku, cheki hii form. Zile aiskrimu zilizobanwa katikati ya biskuti mbili, zile ukiona bei kwa supamaketi unazirudisha polepole, unaeza kuzitengeneza kwa keja yako. Hauhitaji mashine. Hauhitaji hata mikser ya stima. Unahitaji tu kujua ni nini hufanya aiskrimu iwe laini, ndio usitoe jiwe.

Kwa nini yako hugeuka jiwe

Mara ya kwanza mimi nilichukua maziwa ya pakiti, nikatia sukari, nikasukuma kwa friza mpaka asubuhi. Kilichotoka hapo kingevunja dirisha la jirani.

Shida ni maji. Maziwa ya kawaida ni maji karibu asilimia 87. Maji yakiganda polepole bila kusumbuliwa, yanatengeneza chembe kubwa za barafu, na hizo ndizo zinakwaruza ulimi. Mashine ya aiskrimu hufanya kazi mbili tu: inakoroga ili chembe zibaki ndogo, na inaingiza hewa.

Sisi tutapita njia ya panya. Mafuta ya krimu yanalainisha, sukari inazuia maji yasigande yote, na hewa tutaiingiza kwa nguvu ya mkono.

Vitu unahitaji (sandwichi 8)

- Krimu mililita 250. Chukua pakiti iliyoandikwa "whipping cream", na usome mafuta: yawe asilimia 30 kwenda juu. Chini ya hapo utapiga mpaka mkono ukatike na haitapanda.
- Maziwa mazito ya mkebe yenye sukari, kama gramu 200. Hiyo ni nusu mkebe. Inayobaki mimina kwa chupa safi, weka kwa friji, itaingia kwa chai.
- Vanila kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo sana.
- Biskuti 16 za duara. Zile za ngano nzima zinabamba kwa sababu hazivunjiki ovyo.
- Chombo bapa chenye kifuniko, na karatasi ya kuokea au foili.

Vile utafanya

1. Weka krimu na bakuli ndani ya friji mpaka vishike baridi kabisa. Usiruke hii hatua. Krimu yenye joto haishiki hewa.

2. Piga krimu kwa mchapo wa waya. Hauna? Tumia uma mbili zilizoshikanishwa. Ama mimina kwa chupa kubwa yenye kifuniko, ijae nusu tu, halafu wape watoi waitikise kwa zamu. Ikianza kuwa nzito na kubaki imesimama ukiinua uma, simama hapo hapo. Ukizidisha, utapata siagi, na hiyo ni story ya mkate.

3. Kwa bakuli lingine, changanya maziwa mazito, vanila na chumvi. Chukua krimu kidogo uchanganye humo kwanza, kisha ongeza iliyobaki. Hapa geuza polepole kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga kama ugali, hewa yote inatoroka na kazi yako imeenda.

4. Unataka ladha? Weka kijiko cha kakao, kahawa ya unga, ama njugu zilizopondwa. Matunda mabichi yana maji mengi, kwa hivyo kama ni embe, ponda, chemsha mpaka iwe nzito, iache ipoe kwanza.

5. Tandaza karatasi kwa chombo, mimina, sawazisha iwe unene wa sentimita 2 hivi. Funika, weka kwa friza usiku kucha. Kama friji yako ni ile ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu, kumbuka baridi yake si kali sana. Hapo unene mdogo ndio utakuokoa.

6. Asubuhi, chukua kikombe cha bati chenye mdomo unaolingana na biskuti. Kichovye kwa maji moto, kipanguse, kata duara. Weka duara kati ya biskuti mbili, funga kila moja kwa foili, rudisha kwa friza masaa mawili au zaidi. Mabaki ya pembeni yabonyeze pamoja, yatatosha sandwichi za mwisho. Fanya haraka, hii kitu haingoji mtu.

Usishtuke biskuti zikiwa laini kesho yake. Zinavuta unyevu wa aiskrimu, na hiyo ndiyo inafanya uume vizuri bila katikati kuchomoka na kukuangukia kwa shati. Kama wewe ni wa kupenda kukwaruza, paka chokoleti iliyoyeyushwa upande wa ndani wa biskuti, iache ikauke, ndio ujaze.

Krimu imekushinda bei?

Ukweli ni kwamba krimu ndiyo inauma mfuko. Kuna njia ya kastadi. Chukua maziwa nusu lita, vijiko viwili vikubwa vya kastadi ya unga, vitano vya sukari, na vinne vya maziwa ya unga. Koroga unga wote na maziwa kidogo baridi kwanza ili usishike madonge, kisha changanya na mengine na upike kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito. Poesha kabisa, tia friza. Kila baada ya nusu saa toa ukoroge kwa nguvu, mara nne hivi. Wewe ndiwe mashine sasa. Haitakuwa laini kama ya krimu, lakini watoi hawatakuuliza swali.

Na kama hauna friji?

Bado uko kwa game. Mwaka wa 1843, kitambo sana kabla friji za stima kuingia kwa nyumba za watu, mama mmoja Mmarekani anaitwa Nancy Johnson alipata hataza ya mashine ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono. Siri ilikuwa barafu na chumvi. Chumvi hufanya barafu iyeyuke, na ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwa kila kitu kilicho karibu. Mchanganyiko huo unashuka chini kabisa ya sifuri, baridi ya kutosha kugandisha aiskrimu.

Mimina ile kastadi iliyopoa kwa mkebe mdogo wa bati wenye kifuniko cha kubana, ujae nusu. Uweke ndani ya ndoo ya kasuku. Zungushia barafu iliyopondwa na chumvi, vipimo vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi. Funga, laza chini, watoi waisukumane kwa miguu dakika 15. Fungua, panguza kifuniko chumvi isiingie, kwangua pembeni, funga tena, dakika 15 zingine. Shika kwa kitambaa, hiyo baridi inachoma. Itatoka laini, kwa hivyo paka kwa biskuti na mle papo hapo.

Hapa usicheze

Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Ndio maana hii njia haina mayai mabichi, na ndio maana maziwa ya kupimiwa mtaani lazima yachemshwe kwanza.

Stima ikipotea, usifungue friza kila dakika kucheki. Ikirudi, gusa sandwichi. Kama bado ni ngumu, uko sawa. Kama ziliyeyuka na kukaa kwa joto zaidi ya masaa mawili, tupa. Najua inauma, krimu ni doo. Lakini kuzigandisha tena ni kuwafungia watoto tumbo la kuendesha ndani ya foili, na hospitali si bei ya biskuti.

Zikikaa vizuri kwa friza, zimalize ndani ya wiki moja au mbili, kabla zianze kunuka samaki aliye jirani yao.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe: jumlisha krimu, nusu mkebe na biskuti, gawa kwa nane, linganisha na ile bei ya supamaketi. Halafu kengele ikilia tena nje ya geti, acha ilie.