King'ora kinacholia hakitoshi, tafuta kinachopiga simu

ZILIKUWA zimebaki wiki mbili mvua zianze pale mjomba wangu, mwenye duka la pembejeo katika mji mdogo wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, alipovunjiwa duka. Wezi waliingia kwa mlango wa nyuma saa 8 usiku. King'ora kililia kama kilivyotakiwa. Kililia, kikaendelea kulia, na hakuna mtu aliyetoka.

Asubuhi majirani walisema ukweli wao. King'ora kile kilikuwa kikilia karibu kila umeme unapokatika na kurudi, nao walikuwa wamekizoea. Mjomba mwenyewe, ambaye nyumba yake iko mbali na soko, hakusikia chochote. Aliponipigia alfajiri alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mjomba, kile kitu kimeamsha watu wote isipokuwa mimi."

Sehemu kubwa ya mbegu na viuatilifu vilivyobebwa ilikuwa mali kauli, yaani alichukua kwa msambazaji kwa ahadi ya kulipa akishauza. Baadhi ya mifuko ya mbegu ilikuwa imekwishalipiwa na wakulima waliokuwa wakisubiri mvua tu. Ilimchukua misimu miwili kumaliza madeni hayo, na wateja wengine hawakurudi tena.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wafanyabiashara na wafugaji ninaokutana nao jambo moja: kelele ni kwa ajili ya walio karibu, lakini hasara ni ya mwenye mali. Hivyo basi, mfumo wa tahadhari usio na njia ya kumfikia mwenye mali, au mtu wake wa kuaminika, ni nusu ya mfumo.

Kifaa chenyewe ni nini?

Mfumo wa kawaida wa tahadhari una sehemu nne: vitambuzi, kwa mfano swichi ya sumaku mlangoni au kitambuzi cha mwendo; boksi kuu linalopokea taarifa; king'ora; na betri ya akiba. Sehemu ya tano, ambayo wengi huiacha ili kupunguza gharama, ni kifaa cha kupiga simu. Kinaweza kuwa ndani ya boksi kuu au kikafungwa pembeni yake.

Vifaa vya zamani vilitumia simu ya mezani, na bado vipo katika ofisi na maghala mengi mjini. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hupiga namba ulizoweka na kucheza ujumbe uliorekodiwa kwa sauti yako, kwa mfano "Mlango wa nyuma wa duka umefunguliwa." Aina ya pili hupiga simu kwenye kituo cha kampuni ya ulinzi, na hapo mashine huzungumza na mashine.

Mazungumzo hayo yana utaratibu. Kituo kikipokea hutoa milio miwili mifupi, wa hezi 1400 na wa hezi 2300, kuonyesha kwamba kiko tayari. Kifaa chako hujibu kwa milio kama ile ya vitufe vya simu, kikitaja namba ya mteja, aina ya tukio na eneo. Katika lugha inayotumiwa na vituo vingi, namba 130 ni wizi, 110 ni moto, 301 ni kukatika kwa umeme na 302 ni betri kuishiwa nguvu. Kituo kikishapata ujumbe hutoa mlio wa mwisho wa kuthibitisha. Kifaa kisiposikia mlio huo hurudia tena. Uzuri wake ni kwamba ujumbe hauhesabiwi kuwa umefika mpaka upande wa pili useme umefika.

Laini ya mezani ifungwe vipi

Kosa kubwa la mafundi wetu ni kukiunganisha kifaa hiki kwenye soketi yoyote ya simu iliyo karibu. Kikifungwa hivyo, mwizi anahitaji kuinua mkono wa simu iliyo mezani tu, na laini itakuwa na shughuli. Waya unaotoka kwenye nguzo unatakiwa uingie kwanza kwenye kifaa cha tahadhari, kisha utoke hapo kwenda kwenye simu nyingine. Hapo kifaa kinaweza kuzikata simu zote za ndani na kuichukua laini kikihitaji.

Pili, waya wa nje ufichwe ndani ya bomba na upite juu, maana mwizi mzoefu huanza kwa kuukata. Laini nzima ya shaba isipotumika huwa na umeme mdogo wa takriban volti 48 unaotoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Boksi zuri hupima umeme huo muda wote, na ukitoweka hupiga king'ora. Muulize fundi kama boksi lake lina uwezo huo, na mwambie akuonyeshe kwa kuchomoa waya mbele yako.

Tatu, kama laini hiyo hiyo inaleta intaneti, ni lazima kuwe na kichujio, la sivyo kelele za intaneti zitaharibu milio ya kifaa. Na kama simu yako imehamishiwa kwenye faiba, fahamu kwamba sasa inategemea umeme wa dukani kwako. Umeme ukikatika na modemu ikazimika, simu nayo imekufa, jambo ambalo halikuwapo kwenye waya wa shaba.

Hapa nitoe tahadhari kwa wapenda mtumba. Nchi za Ulaya zinaachana na laini za shaba. Uingereza, kwa mfano, ilipanga kuzizima Desemba 2025, kisha ikasogeza mbele hadi mwishoni mwa Januari 2027. Vifaa vinavyong'olewa huko vinaweza kuletwa huku vikauzwa kwa bei ya kutupa. Kama huna laini ya mezani inayofanya kazi, urahisi wa bei hautakusaidia kitu.

Kwa wengi ni laini ya kadi

Vijijini na katika miji midogo simu ya mezani haipo, hivyo kinachofaa ni kifaa kinachotumia kadi ya simu ya mkononi. Kazi yake ni ile ile: kupiga, au kutuma ujumbe mfupi, au vyote viwili. Ila kadi ina masharti yake.

Kwanza, pima mtandao mahali hasa kifaa kitakapokaa, si mlangoni. Ndani ya ghala la mabati mtandao hupungua sana, na huenda ukahitaji antena ya kutoa nje. Pili, ondoa namba ya siri ya kadi kabla ya kuiweka, vinginevyo kifaa kikiwashwa upya kitasubiri namba hiyo bila kukuambia. Tatu, kadi isajiliwe kwa jina lako na kwa alama za vidole. Mwaka 2020 nchini Tanzania laini nyingi zilizimwa kwa kukosa usajili huo. Nne, salio. Kadi isiyo na salio ni plastiki tu, na kadi iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kufungwa na kampuni ya simu.

Wenye uwezo huweka njia mbili, mezani na kadi, ili moja ikikatwa nyingine ifanye kazi. Kwa ghala la chama cha ushirika hilo ni jambo la busara.

Si wezi tu

Wafugaji wengi hudhani vifaa hivi ni vya maduka. La hasha. Boksi linalopiga simu halijali kilicholiamsha. Ukiliunganishia kitambuzi cha joto au cha kukatika umeme, linageuka kuwa mlinzi wa mifugo.

Mashine ya kutotolesha yenye feni huhitaji joto la takriban nyuzi 37.5 kwa siku 21. Umeme ukikatika saa 6 usiku na ukagundua asubuhi, huenda umepoteza kazi ya wiki mbili. Simu ikiita dakika 5 baada ya umeme kukatika, unaamka na kuwasha jenereta. Vifaranga nao katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Joto likishuka hurundikana na kukanyagana hadi kufa. Hivyo ukiweka kitambuzi kipige simu likifika nyuzi 28 chini au 38 juu, utapata nafasi ya kuokoa. Maziwa vilevile: tangi la kupozea linatakiwa kuyashikilia kwenye takriban nyuzi 4, na asubuhi kiwanda hakitapokea maziwa yaliyochacha kwa sababu umeme ulikatika.

Hesabu yake ikoje

Tuchukue mfano, wewe weka tarakimu zako. Tuseme kifaa, betri na ufundi vimegharimu Sh400,000 na vitadumu miaka 5. Hiyo ni Sh80,000 kwa mwaka. Ongeza Sh40,000 za salio na matengenezo, unapata Sh120,000 kwa mwaka, au Sh10,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme duka lina mali ya Sh8 milioni, na katika eneo lako duka la namna hiyo huvunjwa mara 1 kila miaka 10, wezi wakibeba nusu ya mali. Hasara ya wastani ni Sh400,000 kwa mwaka. Kifaa kikiipunguza kwa nusu tu, kimekuokolea Sh200,000 kwa gharama ya Sh120,000. Kinalipa.

Lakini kioski chenye mali ya Sh600,000, kwa hesabu hiyo hiyo, kitaokoa Sh15,000 tu kwa mwaka. Huyo asidanganywe na fundi. Komeo imara, kufuli zuri na kutolaza fedha dukani vitamfaa zaidi.

Kwa mtotoleshaji hesabu ni nyepesi. Trei 10 za mayai ni mayai 300. Kwa Sh700 kila yai, mzunguko mmoja ukiharibika umepoteza Sh210,000 kabla hujahesabu wateja waliosubiri vifaranga. Mzunguko mmoja unaookolewa kwa mwaka unatosha kulipia kifaa.

Betri usiidharau

Mifumo mingi hutumia betri ya volti 12 yenye ujazo wa saa 7 za ampea. Kama boksi na vitambuzi vinakula ampea 0.2, betri mpya kabisa ingefika saa 35. Kwa betri iliyochoka usitegemee hata nusu yake, na king'ora kikilia huimaliza upesi zaidi. Badilisha betri kila baada ya miaka 3 hadi 5, hata kama inaonekana nzima.

Mwambie fundi pia afunge vitambuzi vya mlango kwa mtindo wa mzunguko uliofungwa, yaani umeme mdogo unapita muda wote na tahadhari hutolewa unapokatika. Hapo hata mwizi akikata waya wa kitambuzi, simu itapigwa. Na ikiwa mfumo unalia kila umeme unaporudi, kama ule wa mjomba, usiuzoee. Huo ni ugonjwa wa betri au wa ufungaji, na unapaswa kutibiwa.

Nani atapigiwa?

Hili ndilo swali ambalo fundi hataliuliza, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Namba ya kwanza iwe ya mtu anayelala na simu ikiwa wazi na anayeweza kufika ndani ya dakika 10. Huenda si wewe. Anaweza kuwa jirani wa soko, mlinzi wa zamu au kiongozi wa ulinzi shirikishi. Zungumza naye kabla, mkubaliane atafanya nini: asiingie peke yake, apige filimbi, awaamshe wenzake, ndipo wapige simu polisi. Usiweke namba ya dharura ya polisi kwenye kifaa. Ujumbe wa mashine hauwezi kujibu maswali yao, na kengele za uongo zitakuondolea heshima.

Jihadhari pia na vifaa vya bei nafuu ambavyo huhesabu kila kinachojibu kuwa ni mtu. Ukiwa umezima simu, kifaa kitasikia sauti ya mtandao ikisema namba haipatikani, kitacheza ujumbe wako kwa sauti hiyo, kisha kitatulia kikiamini kazi imekwisha. Chagua kinachomtaka mpokeaji abonyeze namba fulani kuthibitisha, la sivyo kihamie kwa mtu wa pili.

Mjomba alifunga kifaa cha kadi mwaka uliofuata. Katika jaribio la kwanza tuligundua kwamba mtu wake wa kwanza huzima simu kila usiku ili kutunza chaji. Tulimhamishia nafasi ya tatu, tukaweka fundi cherehani anayelala nyuma ya kibanda chake, hatua chache kutoka dukani. Tangu hapo kila Jumapili jioni mjomba hufungua mlango wa nyuma makusudi na kusubiri simu tatu ziite.

Miezi kadhaa baadaye simu hizo ziliita saa 9 usiku, na haikuwa Jumapili. Walipofika walikuta komeo limepindwa na nondo imetupwa chini. Ndani hapakukosekana hata pakiti moja ya mbegu. Mjomba alinipigia alfajiri ile ile, na safari hii alikuwa anacheka.

Kama una mfumo wa tahadhari, leo jioni fungua mlango wako mwenyewe uone simu ya nani itaita. Isipoita, umeshajua kazi ya kumpa fundi kesho.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.