Kiti Kilichovunjika Bado Kina Kazi



Ukipita Mbau, kati ya Beni na Oicha, pale njia ya Kamango inapokata, unajua mara moja kwamba huku ni nchi ya mbao. Libuyu na muvula za pori letu zimepita Kasindi, zikaenda Uganda na Kenya kuwa milango na makabati ya watu wengine. Lakini kwetu wenyewe, kiti cha libuyu kikivunjika mguu, kesho yake kiko chini ya sufuria! Ni kweli, makala ni bei kali na mama lazima apike. Lakini mti wa namna ile unaomba makumi ya miaka kukomaa, na moto unaumaliza kwa maharagi ya siku moja.

Basi, kabla ya kushika shoka, tuulize: kitu hiki hakina kazi ingine? Kinaweza kupamba uwanja wa nyumba, na hakiombi franga nyingi.

Kiti kilichotoboka pa kukalia, weka beseni kuukuu ndani ya tundu lile, jaza udongo, panda maua. Kitanda kilichovunjika, simamisha upande wa kichwa karibu na ukuta, marakuja ipande juu yake. Meza yenye miguu mibovu, kata yote ilingane, iwe kibao cha kupanga mikebe ya maua. Kile kisanduku cha kuvuta cha kabati kinafaa kwa vitunguu na lengalenga.

Vijana, mkianza kazi hii, angalieni mambo manne. Kwanza, chagueni mbao ngumu. Triplex inavimba kwa mvua na kuachana, hiyo msijisumbue nayo. Pili, wekeni kila mguu juu ya jiwe, sababu mchwa wanapanda kutoka udongoni. Tatu, toboeni matundu chini ya kila chombo. Maji yakisimama, mizizi inaoza na mbu wanazaliana, kiisha malaria inaingia nyumbani. Nne, rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo. Mbao zenye rangi hiyo tusipandie mboga, ni maua tu. Tusizipikie wala tusizikwangue karibu na watoto. Hata mafuta machafu ya pikipiki yasipakwe pale tunapopanda chakula.

Mtu atasema: “Pastori, tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika wilaya ya Beni, jamaa zinakimbia na kurudi, na wewe unatuletea habari za maua?” Ndiyo, ninaleta, na ninajua uzito wa swali hilo. Maua hayarudishi mtu aliyekufa. Lakini someni Yeremia sura ya 29. Nabii aliandikia watu waliohamishwa mpaka Babeli, watu waliopoteza mji wao, na kati ya mambo aliyowaagiza ni kupanda bustani. Mungu hakungoja machozi yao yakauke kwanza. Anayepanda anasema kwa mikono yake kwamba kesho ipo.

Ninyi jamaa za machimboni, mnaofuata dhahabu toka kilima hiki mpaka kile, msiseme bustani ni ya wenye viwanja tu. Kisanduku cha mboga kinabebwa. Siku ya kuhama, mtoto mmoja anakishika, na kule mnakokwenda mnaanza na kitu cha kijani mlangoni.

Jumamosi hii, baba aite watoto wake, wazunguke nyuma ya nyumba, wachague kitu kimoja tu kati ya vile vilivyotupwa. Mtoto anayejifunza kutengeneza kiti, hatakuwa mwepesi kumtupa mtu aliyevunjika.

Mungu awabariki.