Kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi kabla ya kufungua televisheni

Televisheni imezimika ghafla. Fundi anaitwa, anachomoa plagi ukutani, anafungua mfuniko wa nyuma na kuingiza bisibisi. Mara cheche inaruka na mkono wake unarushwa nyuma. Waliomzunguka wanaulizana: umeme huo umetoka wapi, ilhali waya umelala sakafuni?

Jibu limo ndani ya kifaa chenyewe. Kulifahamu ni jambo la uhai kwa mafundi wa vibandani, kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo, na kwa yeyote anayejaribu kujitengenezea kifaa nyumbani.

Ghala la umeme

Umeme wa majumbani katika nchi za Afrika Mashariki na Kongo huwa kati ya volti 220 na 240, na mwelekeo wake hugeuka mara 100 kila sekunde. Televisheni, redio kubwa na chaja huhitaji umeme wa mwelekeo mmoja. Kwa hiyo umeme unapoingia hunyooshwa na dayodi, kisha huhifadhiwa katika kapasita, kifaa chenye umbo la kikopo kidogo.

Kapasita hufanya kazi mfano wa tangi la maji. Bomba la mtaani likifungwa, maji yaliyomo tangini hayapotei. Isitoshe, kapasita hujaa hadi kilele cha umeme unaoingia, hivyo huweza kubeba volti 310 hadi 340, zaidi ya zile za ukutani.

Katika kifaa kizima, akiba hiyo kwa kawaida huisha muda mfupi baada ya kuzimwa, kwa kuwa sehemu nyingine huitumia. Lakini kifaa kinacholetwa kwa fundi si kizima. Iwapo iliyoharibika ni sehemu ile ile iliyopaswa kuutumia umeme huo, akiba hukosa njia ya kutokea na huweza kubaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana kifaa kilichokufa kabisa huenda kikawa cha hatari kuliko kinachosumbua kidogo tu.

Namna ya kuumaliza

Mafundi wengine hugusanisha miguu miwili ya kapasita kwa bisibisi. Njia hiyo hutoa cheche kali, huyeyusha chuma, huweza kurusha vipande machoni na huharibu kapasita yenyewe.

Njia salama zaidi ni kuunganisha miguu hiyo kwa rezista ya omu 2,200 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ambayo nyaya zake zimefunikwa vizuri kwa plastiki. Ishikilie huku ukihesabu taratibu hadi kumi. Kisha pima kwa mita iliyowekwa upande wa umeme wa mwelekeo mmoja, na usiguse kitu mpaka isome chini ya volti 10. Subiri kidogo, upime tena, kwani kapasita huweza kurudisha sehemu ya nguvu yake.

Kabla ya kuiamini mita, ijaribu kwenye betri unayojua kuwa ni nzima. Mita iliyoharibika nayo husoma sifuri.

Vifaa vya kuacha

Kuna vifaa ambavyo asiyefunzwa hapaswi kuvifungua hata kidogo. Ndani ya jiko la maikrowevu umeme hufikia maelfu ya volti, na kapasita yake inaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, maarufu kama TV za chogo, hubeba volti 20,000 na zaidi kwenye kioo chake.

Plagi zinapovuka mpaka

Bidhaa nyingi za elektroniki huvuka mipaka yetu. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia zaidi plagi ya pini tatu bapa, ambayo huingia kwa namna moja tu. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia sana plagi ya pini mbili za mviringo, na aina zake nyingi zaweza kugeuzwa. Ikigeuzwa, swichi ya kifaa yenye kukata waya mmoja inaweza kuukata ule usio na moto na kuuacha wa moto ukiwa hai. Kwa sababu hiyo, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Plagi lazima itoke.

Aidha, swichi ya kinga inayojikata umeme unapovuja, ijapokuwa ni muhimu sana nyumbani, haina msaada dhidi ya kapasita. Swichi hiyo huangalia umeme unaotoka ukutani, wala haioni uliokwisha kuhifadhiwa ndani.

Akinaswa mtu

Usimguse aliyenaswa na umeme. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu na umsukume mbali kwa mti mkavu. Iwapo amezimia na hapumui kawaida, ita msaada na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Aliyezimia, hata akizinduka, au anayehisi maumivu ya kifua au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa wanaofundisha kazi hii, utaratibu wa kuwarithisha wanafunzi ni mfupi: chomoa, maliza umeme, pima, ndipo uguse. Mteja anayesimama kibandani akihimiza kazi iishe upesi naye ana sehemu yake: dakika mbili za kupima zisimkasirishe.