Chamba Katika Jicho la Fahali

Asubuhi moja ya kiangazi, katika boma moja nje ya mji wa Bariadi, mahali ambapo mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa yamepakana na malisho yaliyobaki vumbi na visiki, nilimwona daktari wa mifugo akishuka katika pikipiki yake, akamwamkia mwenye boma, "Mwangaluka, baba," akaitikiwa kwa taadhima, kisha akaongozwa hadi chini ya mti alipofungwa fahali mwekundu, jicho lake la kushoto limefumba, na machozi yamechora mfereji mweusi toka pembe ya jicho mpaka tayani. Mwenye fahali alikuwa ametia chumvi ndani ya jicho lile siku mbili mfululizo, kama alivyomwona marehemu baba yake akifanya, na chumvi ilipokosa kufaa alimtuma mjukuu wake dukani, akarudi na tyubu ya marhamu. Daktari aliipokea tyubu, akaigeuzageuza, akasoma maandishi yake madogo huku ameisogeza usoni kana kwamba yeye ndiye mgonjwa wa macho, halafu akaitia mfukoni bila ya kusema neno.

Aliyoyafanya baada ya hapo yalinishangaza kwa wepesi wake. Kwanza alisogeza kiganja polepole mbele ya jicho zima, kisha mbele ya lile bovu, akichunga asipepee upepo, maana hata mnyama kipofu hupepesa kope akiguswa na upepo, na mtazamaji asiye na hadhari hudhani kwamba ameona. Halafu akatoa kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha ndani ya ukope wa chini, akangoja fahali apepese, akaosha, akamfunika uso kwa koti lake ili apate kivuli, na akamulika tochi ya mwanga wa buluu. Katikati ya kioo cha jicho, ndani ya chamba cheupe kilichokuwa kimetanda, pakang'aa doa la kijani lenye ukubwa wa punje ya kunde.

"Baba, hapa pamechubuka."

"Basi nimpeleke mnadani, daktari, kabla hajaniharibikia?"

"Subiri kwanza, baba."

Rangi ile huitwa fluoresini, na aliyeitengeneza kwanza ni mkemia wa Kijerumani, Adolf von Baeyer, mwaka 1871. Siri ya matumizi yake haihitaji maelezo marefu: utando wa juu wa kioo cha jicho ukiwa mzima huikataa rangi, na ukichubuka, tabaka la chini huinywa na kung'aa. Kikaratasi hicho ndicho kinachoamua ni dawa gani imfae mgonjwa na ni ipi itamwangamiza. Tyubu iliyotiwa mfukoni ilikuwa na steroidi, dawa inayopoza wekundu na maumivu kwa haraka ya kumvutia kila mtu, walakini ikipakwa juu ya kidonda hulizuia jicho lisijitibu, huwapa vijidudu wasaa wa kuyeyusha kioo, na yamkini jicho likatoboka ilhali mwenye mnyama bado anashukuru kwamba machozi yamepungua. Daktari aliniambia baadaye, tukiwa njiani, kwamba miaka michache nyuma angeipaka dawa ile kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba aliyemzindua ni mwenzake mmoja katika mafunzo ya siku mbili, si kitabu wala mwalimu wa chuo.

Sikuona aibu katika maneno hayo, wala msomaji asiione. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakijasimama peke yake mwaka 1984; na katika miaka mitano ya masomo mwanafunzi hupitishwa katika ng'ombe na kuku, nguruwe na punda, mbwa na wanyama wa porini, ukaguzi wa nyama na sheria, hata jicho likawa sura moja tu ndani ya kitabu kizito. Anayehitimu hujua jina la kila sehemu ya jicho, lakini aghalabu huwa hajapata kulishona hata moja. Ndiyo maana ya elimu endelevu, yaani mafunzo ampatayo mtaalamu baada ya kuingia kazini. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, lenye dhamana ya kusajili madaktari na kuwatambua wataalamu wasaidizi, na Chama cha Madaktari wa Wanyama huwakutanisha wanachama wake kila mwaka ili wasomeane tafiti zao. Mimi si mpinzani wa mikutano. Ila daktari wa wilayani Meatu akifunga safari ya siku tatu kwenda kusikiliza mhadhara, ng'ombe wa Meatu hawaahirishi kuugua.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, una sababu yake mahususi ya kulijali jicho la ng'ombe, nayo ni jirani yake wa mashariki, Serengeti. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu huzaa kwa maelfu katika nyanda za nyasi fupi, na katika machozi na makamasi ya ndama wao wachanga hutoka kirusi ambacho nyumbu mwenyewe hakimdhuru, lakini ng'ombe akikipata hushikwa na homa kali iitwayo homa ya nyumbu, pua ikatoa ute mzito, macho yote mawili yakafunga ukungu, na aghalabu hufa, kwa kuwa dawa ya kumponya haipo. Aliyekitenga kirusi hicho kutoka kwa nyumbu ni Walter Plowright, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, na habari zake zilichapishwa mwaka 1960. Ndiye huyo huyo ambaye chanjo yake ya sotoka ilisaidia kuliondoa gonjwa hilo duniani, hata likatangazwa kuwa limetokomea mwaka 2011.

Sasa tazama mtihani wa daktari anayefika bomani akakuta ng'ombe ana chamba. Maradhi ya macho ya kuambukiza, yaletwayo na bakteria na kutawanywa na nzi, kwa kawaida huanza katika jicho moja, na weupe wake huanzia katikati ya kioo ukaenea nje. Homa ya nyumbu huanzia ukingoni, katika duara linalopakana na weupe wa jicho, ikajongea ndani, tena katika macho yote mawili. Katikati au ukingoni: katika tofauti hiyo ya upana wa ukucha ndimo mtu hujua kama amwambie mfugaji, "Atapona," au amwambie kwamba ng'ombe huyu si wa kumgharimia, na malisho yale yaepukwe mpaka ndama wa nyumbu wakue. Ndigana kali, ugonjwa mwingine wa ng'ombe uvimbishao matezi, nayo huweza kulitia jicho ukungu, na kwa hiyo mkono usiache kupapasa matezi ya shingoni. Somo hili halihitaji mashine. Lahitaji mtu aliyekwisha kuonyeshwa.

Yapo na mengine: swila atemaye sumu katika macho ya mbwa, ambapo maji mengi, mara moja, ndiyo dawa ya kwanza, minyoo myeupe mithili ya nyuzi iogeleayo chini ya ukope wa tatu wa ng'ombe, ambayo mtu haioni asipotia tone la ganzi na kuufunua ukope huo, na ndama ambao, majani mabichi yakikosekana miezi mingi, hupungukiwa na vitamini A wakaanza kujigonga katika uzio jua likitua. Wasukuma waliohifadhi malisho yao katika ngitili kwa ajili ya kiangazi walikuwa wakiyakinga macho ya ndama pamoja na matumbo yao.

Mafunzo yenyewe basi yafanyweje? Rai yangu ni kwamba darasa lipelekwe machinjioni. Kichwa cha ng'ombe kilichokwisha kukatwa kina macho mawili yasiyo na bei, na daktari akikaa nacho asubuhi moja atajifunza kupiga ganzi nyuma ya mboni, kuushona ukope wa tatu juu ya kidonda ili uwe kifuniko, na hata kuling'oa jicho lililokufa, akosee mara tatu pasipo mnyama yeyote kuumia. Viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi, ambako sikukuu ya wakulima ya Nanenane ya mwaka 2018 iliadhimishwa kitaifa, vina nafasi ya kutosha kwa meza kumi za namna hiyo. Na wasialikwe madaktari peke yao: katika vijiji vingi anayefika wa kwanza ni ofisa mifugo mwenye stashahada au cheti, pengine aliyesomea kampasi ya chuo cha mifugo ya Mabuki huko Misungwi, na japo sheria haimruhusu kila upasuaji, kikaratasi cha rangi ya chungwa hakimzidi maarifa.

Fahali yule alichomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, akarudiwa baada ya siku tatu, na mzee akaonywa asimuuze wala kumchinja mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Kisha daktari akakata kipande cha suruali kuukuu ya jinzi, akakigandisha kwa gundi kulizunguka jicho, upande wa chini akauacha wazi, ili jua na nzi visiingie. Watoto wa boma wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilipopita tena baada ya majuma matatu, kiraka kilikuwa kimekwisha kudondoka chenyewe, na mahali pa doa la kijani palibaki kovu jeupe dogo kuliko punje ya mtama. Mzee alikuwa amesimama na mjukuu wake mbele ya fahali, amemshika mkono, anamwonyesha namna ya kukisogeza kiganja polepole, bila ya kupepea upepo.