Jino la Kupandikiza: Tuulize Kabla ya Kulipa



Fedha za korosho zinapoingia mikononi, wagonjwa wa meno huongezeka hospitalini kwetu. Wengi huwa wamevumilia maumivu kwa miezi.

Mama mmoja kutoka Newala alitufikia akiwa amevimba shavu. Alikuwa na pengo moja la mbele, na fundi wa mtaani alimwahidi kumpandikizia jino siku hiyohiyo. Kumbe alilibandika kwa gundi kwenye meno ya jirani. Uchafu ulijikusanya, ufizi ukatunga usaha, na meno mawili yaliyokuwa mazima ikabidi yang'olewe. "Sista," alituambia, "fedha imekwisha na pengo limeongezeka."

Jino la kupandikiza ni nini?

Ni skrubu ndogo, mara nyingi ya madini ya titani, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya. Kwa kawaida mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kuishika vizuri, kisha jino la bandia hufungwa juu yake. Daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikana na titani. Alimtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Jino lililobandikwa kwa gundi halikupandikizwa.

Je, kila daktari wa meno anaweza?

Hapana. Madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu mwaka 1979, lakini kupandikiza kunahitaji mafunzo ya ziada, picha ya eksirei na vifaa maalumu. Daktari aweza kuwa hodari wa kuziba na kung'oa, wala asiwe amewahi kupandikiza hata jino moja. Kumwuliza si kumdharau. Tumwulize hivi:

1. Umejifunza kazi hii wapi, na umeifanya mara ngapi?
2. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na safari za kurudi?
3. Jino likilegea, nani atanitazama?

Tumweleze pia kama tuna ugonjwa wa kisukari, tunavuta tumbaku, au ufizi unatoka damu, kwa sababu hayo huzuia kidonda kupona. Watoto wasipandikizwe, kwani taya zao bado zinakua.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua huziba pengo kwa gharama ndogo zaidi. Anayeishi Masasi au Newala aanzie kwa mganga wa meno wa hospitali ya wilaya, naye atamwelekeza.

Lakini jino bora ni lile tulilozaliwa nalo. Tunajua shida ya maji huku uwandani. Hata hivyo, kikombe kimoja chatosha kupiga mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floraidi. Na jino likianza kuuma, tusingoje korosho ziuzwe.