Mgeni Katika Kendo ya Iniversite ya Japani



Tangu mwanzo wa muhula huu, kila siku ya posho jioni, wadogo wa internat wanapigana na fito za mianzi nyuma ya nyumba ya kulia. Wanapiga kelele nyingi na kusema wanacheza kendo ya Japani. Tulimwuliza mmoja wao kendo ni nini. Akajibu: "Yaya, ni kupiga mutu mpaka anakimbia." Tulicheka, lakini na sisi hatukuwa na jibu la kumpita. Ndiyo sababu tumetafuta habari, sana sana juu ya mgeni anayefika katika iniversite ya Japani na kutaka kufundishwa kendo. Sisi finaliste tunapenda kuzungumza juu ya kusoma ng'ambo kama vile mtu akifika huko shida zote zimekwisha.

Kendo maana yake ni njia ya upanga. Zamani watu walifanya mazoezi kwa panga za mti, wakaumizana. Katika miaka ya 1700 ilienea desturi ya kutumia shinai, ndiyo fimbo ya vipande vine vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa ngozi, na kuvaa mavazi ya kukinga kichwa, mikono, kifua na kiuno. Shinai ya mwanaume wa iniversite haipiti sentimita 120, na uzito wake usiwe chini ya gramu 510. Ya mwanamke gramu 440. Mtu atasema iko nyepesi. Aiinue juu ya kichwa mara mia tano asubuhi, kisha arudie kusema.

Baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, Wamarekani walioshika nchi walikataza kendo mashuleni, kwa maana ilikuwa imetumiwa kuwatia vijana roho ya vita. Shirikisho la kendo la Japani liliundwa mwaka 1952, na mchezo ukarudi. Mwaka 1975 shirikisho hilo liliandika kusudi la kendo: kutengeneza tabia ya mtu kwa kufuata kanuni za upanga. Kushinda hakukutajwa pale.

Sasa tumfuate mgeni wetu. Mwaka wa masomo huko unaanza mwezi wa nne. Ana miaka 18 ao 19, hajashika shinai hata siku moja, na vijana wa umri wake walianza wakiwa watoto wa miaka sita ao saba. Katika iniversite zenye jina kubwa kwa kendo, kama vile Tsukuba na Kokushikan, wachezaji wa timu walikwisha kujulikana tangu sekondari, na mwanzo wa kweli hauwi pale. Lakini mahali pengi kuna vikundi vidogo vya wanafunzi vinavyopokea hata asiyejua kitu. Tena huko Katsuura, katika jimbo la Chiba, kuna iniversite iliyofunguliwa mwaka 1984 kwa ajili ya michezo ya namna hii, International Budo University. Wageni wanaweza kusoma pale mwaka mmoja, lugha ya Kijapani pamoja na mazoezi.

Siku za kwanza hatapiga mtu. Atafundishwa kutembea! Miguu haina viatu, sakafu ni ya mbao, kisigino cha kushoto kimeinuliwa kidogo, mguu unateleza bila kunyanyuliwa. Ngozi ya chini ya mguu inatoka, inakuja nyingine, na ile nayo inatoka. Kabla ya mazoezi ao kisha, wanafunzi wanainama na vitambaa vyenye maji na kusukuma sakafu nzima mpaka ing'ae. Wanaketi juu ya magoti, kila mtu mahali pake kwa kufuata cheo. Katika mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali, vikundi vingi vinafanya mazoezi ya alfajiri siku kadhaa mfululizo, na sakafu ile inakuwa kama barafu. Mgeni haelewi yote yanayosemwa. Anatazama jirani yake na kufanya kama yeye, akichelewa kidogo kila mara.

Tena atashangaa kuona kwamba kugusa siyo kupata pointi. Fimbo inaweza kulia kabisa juu ya kichwa cha mwenzake, na waamuzi watatu wakabaki wametulia bila kuinua bendera. Wanatafuta vitu vitatu kwa wakati mmoja: roho inayosikiwa katika sauti, upanga uliofika sawasawa, na mwili ulioingia pamoja na upanga. Kisha wanatazama kama aliyepiga ameendelea kuwa tayari ao amelegea. Bendera mbili zikiinuka, ni pointi. Lakini mtu akishangilia na kutupa mkono juu, ile pointi inaweza kufutwa. Hapa kwetu anayefunga bao anavua shati na kuzunguka kiwanja chote. Tunafikiri timu yetu ya mwaka jana ingemaliza mechi zote na sufuri.

Jambo lililotushika zaidi ni habari ya wakubwa na wadogo. Aliyetangulia kuingia anaitwa senpai, ndiyo kama sisi tunavyosema yaya. Aliyefuata anaitwa kohai, mdogo. Haitazamwi umri, hutazamwa mwaka wa kuingia. Mgeni wa miaka 22 atamwita senpai kijana wa miaka 19, atamsalimu kwanza na kumtii. Tulipofika hapo tulisema, kumbe ni kama kwetu! Tukafurahi. Lakini tuliposoma juu ya mazoezi yenyewe tukaona tofauti. Mkubwa anasimama mbele ya mdogo, anasogeza shinai yake kando, na kumfungulia kichwa apigwe. Kazi hiyo ina jina, motodachi. Mdogo anapiga vibaya, anapiga sikio, anapiga bega mahali pasipo na kinga, na mkubwa anabaki pale, anarudi nyuma kwa hatua zinazofaa, anafungua tena. Jioni nzima anapigwa ili mwingine ajue kupiga. Mkubwa asiyejua kupokea, mdogo wake hataendelea.

Tuseme ukweli: hata huko wako wakubwa wanaoharibu. Mwaka 2009, katika jimbo la Oita, mwanafunzi mmoja wa sekondari alizidiwa na joto katika mazoezi ya kendo. Mwalimu alifikiri anajifanya, akaendelea kumpiga. Kijana alikufa, na baadaye mahakama iliamuru wazazi walipwe. Walioona walikuwa wengi. Hakuna aliyezoea kumwambia mkubwa kwamba inatosha.

Na sisi tunaoandika, mwanzo wa mwaka huu tuliwatuma wapya kutuchotea maji mara tatu kwa siku, tukaita jambo hilo nidhamu. Hatukuwafungulia kitu chochote.

Ndugu mmoja wa darasa letu aliuliza kama Mkristo anaweza kuinama katika chumba cha kendo. Kuna kuinama kwa mwalimu, kwa mwenzako, na kwa upande wa mbele wa chumba. Katika nyumba zingine upande ule una altare ndogo ya dini ya Shinto, na katika vyumba vingi vya shule hakuna. Doshisha ya Kyoto, iliyoanzishwa mwaka 1875 na Niijima Jo, Mprotestanti, ina kikundi cha kendo. Wengi wanasema ni salamu ya heshima tu. Anayeona vigumu aulize mapema, kwa upole, asingoje siku ile mbele ya watu.

Juu ya vyeo: dan ya kwanza yaweza kupatikana tangu miaka 13. Kisha unangoja mwaka mmoja kwa ya pili, miaka miwili kwa ya tatu, mitatu kwa ya nne, na hivi hivi. Kwa ya nane mtu awe na miaka 46, na katika watu mia moja anapita mmoja hivi. Mgeni aliyeanza iniversite atarudi na ya pili, labda ya tatu. Alexander Bennett wa Nyuzilandi alifika Chiba mwaka 1987 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akaanzia huko. Baadaye alipata udaktari katika Iniversite ya Kyoto na kuwa profesa huko Japani.

Serikali ya Japani inatoa bourse kwa wageni tangu mwaka 1954, na kwetu habari zake zinapatikana katika ambasade yao Kinshasa. Anayechaguliwa kuanza iniversite anasoma lugha kwanza mwaka mmoja. Mtihani una hesabu na Kiingereza, kwa hiyo anayelala katika hesabu asianze kununua shinai.

Kwa wadogo wa nyuma ya nyumba ya kulia: kila mchezaji huko anakagua shinai yake kabla ya mazoezi, kwa maana kipande kilichopasuka kinaweza kupita katika vyuma vya kofia na kuingia jichoni. Ninyi hamna kofia. Fito zenu saba tumeziweka katika chumba cha majembe. Mkizitaka, njooni mtuone siku ya posho, tutazikwangua pamoja.