Mate Kupima Dawa ya TB: Kibong'oto Walivyojaribu

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Ukitaja Kibong'oto kwa sisi wa Moshi, mtu anawaza TB tu. Hospitali hiyo iko Siha, upande wa Sanya Juu, na inatibu ugonjwa huo tangu 1926. Tangu 2009 inatibu pia TB sugu.

Sasa jiulize: mgonjwa akimeza vidonge kila siku, je, dawa inayofika kwenye damu inatosha? Watu wawili wanaweza kumeza dozi ileile, mmoja ikamtosha, mwingine ikapungua, maana miili haifanani. Ikipungua, vijidudu vinabaki na vinaweza kuizoea dawa. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kipimo kinachoaminika ni kromatografia ya kimiminika. Jina zito, ila wazo ni rahisi. Wapanda mlima wanaondoka geti la Marangu pamoja, lakini kituo cha Mandara hawafiki pamoja: wenye pumzi wanatangulia, wengine wanafuata. Mashine nayo inasukuma sampuli ya damu iliyoandaliwa kwenye mrija uliojaa chembechembe laini, na kila kemikali inatoka kwa wakati wake. Ditekta ndiyo yule jamaa wa kituoni mwenye daftari, anayeandika nani kafika na wako wangapi.

Mrusi Mikhail Tsvet alipoanzisha njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1900, alikuwa anatenganisha rangi za majani. Ditekta yake ilikuwa macho yake! Lakini dawa nyingi hazina rangi. Ndiyo maana ditekta nyingi hutumia urujuanimno, mwanga tusiouona. Dawa ikiwa nyingi, inafyonza mwanga mwingi zaidi.

Tatizo, mashine nzima ni ghali, inataka umeme wa uhakika, kemikali safi na mtaalamu. Zahanati ya kijijini itaitoa wapi?

Watafiti wakajiuliza: vipi tukitumia ditekta peke yake? Wakajaribu kwa wagonjwa wa TB sugu hapa Tanzania, Kibong'oto ikishiriki, na matokeo yakachapishwa 2021. Walitumia kipimo kidogo cha urujuanimno, cha kubebeka, kupima levofloksasini kwenye mate. Bila ule mrija wapandaji wote wanafika kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu zinachambua umbo la mchoro wa mwanga ili kuitambua dawa katikati ya vitu vingine. Wakaona kuwa mate yanaweza kusaidia kukadiria dawa iliyomo kwenye damu.

Si dawa zote lakini. Rifampisini, kwa mfano, huingia kidogo sana kwenye mate, kwa hiyo mashine kubwa bado inahitajika.

Kwa maoni yangu mimi niliyeishia form four, hapa ndipo fizikia ya mwanga inapookoa mtu. Nyie mnaosoma PCB, kazi ndiyo hiyo: ditekta ndogo, rahisi, inayofika hadi zahanati ya kijijini. Mnasemaje? Tupeni maoni hapo chini.